Baridi ya Pikipiki Huanzia Vidoleni

Mwongozo wa msimu wa Juni hadi Agosti kwa wahudumu wa bodaboda, wabebaji wa maziwa na abiria wa Nyandarua

Saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza, pikipiki za Nyandarua huwa tayari ziko kazini. Moja imebeba mitungi ya maziwa kuelekea kituo cha kupozea. Nyingine ina magunia ya kabeji yanayongojewa sokoni. Ya tatu inamkimbiza msafiri kutoka Njabini hadi Flyover ili awahi matatu ya Nairobi. Ukungu umetanda na manyunyu hayakatiki. Mhudumu amevaa sweta mbili na jaketi zito, lakini mikono yake iko wazi kwenye usukani. Akikata kona anakuta punda amesimama katikati ya barabara. Macho yameona, akili imeamuru breki ishikwe, ila vidole vinachelewa.

Hapo ndipo baridi inapoacha kuwa kero ya kawaida na kuwa hatari barabarani. Wengi wetu tumezaliwa na kukulia katika baridi hii, kwa hivyo tumezoea kuivumilia. Lakini hata aliyeizoea hufa ganzi vidole, na kidole kilichokufa ganzi hakishiki breki ipasavyo. Makala haya yanaeleza kwa nini anayeendesha pikipiki hupoteza joto haraka kuliko anayetembea, jinsi ya kujikinga hata kwa vifaa vya bei nafuu, na la kufanya mtu anapozidiwa na baridi.

Kwa nini Juni hadi Agosti?

Miezi hii ni msimu wa baridi kali katika nusu ya kusini ya dunia. Pepo zinazotufikia kutoka kusini-mashariki hupita juu ya Bahari Hindi zikiwa na hewa baridi yenye unyevu. Zikifika nyanda za juu, hewa hiyo hupanda na kufanya mawingu mazito ya chini ambayo yanaweza kufunika anga siku nzima. Jua halipati nafasi ya kupasha ardhi joto, na manyunyu huongeza unyevu.

Mwinuko nao una sehemu yake. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi: kwa wastani nyuzijoto 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu kubwa ya uwanda wa Kinangop imepita mita 2,400. Mhudumu anayetoka Naivasha akiwa na shati na jaketi jepesi anaweza kukuta hewa ya nyuzijoto 3 au 4 chini zaidi akifika juu, hata kama hakuna mvua. Alfajiri ya msimu huu, kipimajoto katika sehemu nyingi za kaunti yetu hushuka chini ya nyuzijoto 10.

Msimu wa Juni hadi Agosti si wakati pekee wa kujihadhari. Wakulima wa viazi wanajua kwamba hata miezi ya kiangazi, usiku usio na mawingu unaweza kuleta sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza majani. Anayeamka kubeba maziwa asubuhi kama hiyo anahitaji kinga ile ile.

Upepo ndio mwizi wa joto

Mwili wako hupasha joto tabaka jembamba la hewa iliyo karibu na ngozi. Ukisimama mahali pasipo upepo, tabaka hilo hubaki na kukukinga. Ukiendesha pikipiki, upepo huliondoa kila mara, na mwili hulazimika kupasha hewa mpya tena na tena. Ndiyo maana baridi uliyoivumilia ukiwa steji inakushinda ukiwa njiani.

Wataalamu wa hali ya hewa wana hesabu ya kuonyesha jinsi baridi inavyohisiwa kwenye ngozi iliyo wazi upepo unapovuma. Kwa hesabu hiyo, hali huwa takriban hivi:

Kipimajoto kikisoma nyuzijoto 8:
- Mwendo wa kilomita 30 kwa saa: ngozi huhisi kama nyuzijoto 4
- Mwendo wa kilomita 50 kwa saa: kama nyuzijoto 3
- Mwendo wa kilomita 60 kwa saa: kama nyuzijoto 2

Kipimajoto kikisoma nyuzijoto 5:
- Mwendo wa kilomita 30 kwa saa: kama nyuzijoto 0
- Mwendo wa kilomita 50 kwa saa: kama nyuzijoto 1 chini ya sufuri
- Mwendo wa kilomita 60 kwa saa: kama nyuzijoto 2 chini ya sufuri

Takwimu hizi hazimaanishi kwamba ngozi itaganda kuwa barafu wakati hewa ina nyuzijoto 5. Zinaonyesha kasi ambayo joto linapotea. Tena tazama vizuri: hasara kubwa hutokea hata kwa mwendo wa kilomita 30. Kupunguza mwendo kutakusaidia kusimama salama, lakini hakutakupa joto la kutosha. Kitakachokupa joto ni kuuzuia upepo usiifikie ngozi.

Unyevu ni mwizi wa pili. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayozidi ya hewa zaidi ya mara 20. Glavu ya sufu iliyolowa ikipigwa na upepo inaweza kukuacha na mkono wa baridi kupindukia, ingawa ulipotoka nyumbani ilikuwa inakupa joto.

Vidole vikifa ganzi, breki huchelewa

Mwili ukipata baridi, hulinda kwanza moyo, mapafu na ubongo. Mishipa ya damu ya mikononi na miguuni hujibana ili damu yenye joto ibaki ndani. Vidole hupoteza hisia, viungo hukakamaa, na misuli ya mkono hudhoofika. Kwa mtu aliyeketi nyumbani, hilo ni usumbufu tu. Kwa mwendeshaji, mkono wa kulia ndio unaoshika breki ya mbele na kuongeza mafuta, na wa kushoto ndio unaoshika klachi. Breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki.

Fanya hesabu hii. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki husonga takriban mita 14 kila sekunde. Vidole vikichelewa nusu sekunde tu, utakuwa umesonga mita 7 kabla breki haijaanza kushika. Huo ni umbali unaozidi urefu wa matatu ya abiria 14. Ongeza lami iliyolowa au matope ya barabara ya shambani, na umbali wa kusimama unazidi kurefuka.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji kifaa chochote. Simamisha pikipiki, kisha kwa kila mkono gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Ukishindwa kuvigusanisha, au ukiviona vinagusana bila kuhisi, mikono yako haiko tayari kuendesha. Usiendelee na safari. Ingiza mikono kwapani chini ya jaketi, tembeatembea, na urudie jaribio baada ya dakika chache. Abiria akilalamika kwamba anachelewa, mweleze sababu. Dakika tano za kungoja ni nafuu kuliko wiki tano hospitalini.

Vaa kwa mpangilio

Wengi huongeza sweta juu ya sweta na bado wanasikia baridi, kwa kuwa upepo hupenya katikati ya nyuzi. Nguo chache zilizopangwa vizuri hushinda nguo nyingi zisizo na mpangilio. Fikiria matabaka matatu.

*La ndani* liwe jepesi, kavu na la kubana mwili kidogo. Fulana ya pamba ni sawa ikiwa kavu, lakini ikilowa jasho au mvua hukauka polepole na kukupoza. Ukipata fulana ya michezo ya kitambaa kinachokauka upesi, ndiyo bora. Soko la mitumba huwa nazo.

*La kati* ni la kushika joto: sweta ya sufu au nguo nzito ya manyoya laini. Sufu ina faida kwamba hata ikipata unyevu kidogo, bado hushika joto kuliko pamba.

*La nje* ni la kuzuia upepo na maji: jaketi la ngozi, jaketi la nailoni au koti la mvua. Hili ndilo tabaka ambalo wengi hulisahau, na ndilo lenye kazi kubwa zaidi kwa mwendeshaji. Hakikisha zipu inafika shingoni na mikono ya jaketi inabana kwenye kiwiko cha mkono, ili upepo usiingie kupitia humo.

Je, gazeti kifuani linasaidia? Ndiyo. Karatasi kadhaa za gazeti kati ya sweta na jaketi huzuia upepo na kushika hewa ya joto. Ni mbinu ya zamani na bado inafanya kazi, mradi gazeti libaki kavu. Ubao wa boksi pia huzuia upepo, ila usiwe mkubwa kiasi cha kukuzuia kuinama au kugeuka.

Kumbuka pia kwamba joto la mikono hutoka kifuani. Kifua kikiwa na joto la kutosha, mwili hauna haja ya kuinyima mikono damu. Anayevaa glavu nzuri huku jaketi liko wazi bado atakufa ganzi vidole.

Na jambo moja ambalo ni la sheria: reflekta huvaliwa juu ya kila kitu. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ya usalama na jaketi lenye viakisi mwanga. Asubuhi za baridi utaona wahudumu wengi wamefunika reflekta kwa koti jeusi. Katika ukungu wa saa 11 alfajiri, mtu huyo haonekani na dereva wa lori. Ikiwa reflekta yako haitoshi juu ya koti nene, tafuta kubwa zaidi.

Mikono, miguu, kichwa na shingo

*Mikono.* Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu msimu huu, nunua glavu zinazozuia upepo. Zijaribu dukani kwa kukunja ngumi na kufanya kama unashika breki: ukishindwa kukunja vidole, ni nene kupita kiasi. Zikibana sana pia hazifai, kwa sababu huzuia damu kufika vidoleni. Usipopata za kuzuia upepo, vaa glavu za sufu kisha juu yake glavu pana za mpira, zile za kufanyia kazi za usafi. Ubaya wake ni kwamba jasho hukusanyika ndani, kwa hivyo zivue na kukausha kila unapopata nafasi.

Vifuniko vya mikono vinavyofungwa kwenye usukani ni msaada mkubwa, kwa sababu mkono hukaa ndani bila kupigwa na upepo kabisa. Fundi anaweza kukushonea kwa turubai au ngozi bandia. Kabla ya kuondoka, hakikisha mambo mawili: mkono unaingia na kutoka bila kukwama, na kifuniko hakikandamizi mkono wa breki wala wa klachi.

*Miguu.* Gambuti huzuia maji lakini hazina joto. Vaa soksi za sufu ndani, na usivae soksi tatu hadi kiatu kikabane. Mguu uliobanwa hupata baridi upesi. Magoti nayo hupigwa na upepo safari nzima. Suruali ya mvua juu ya suruali ya kawaida hutosha kuyakinga.

*Kichwa.* Boshori haichukui nafasi ya kofia ya usalama. Na boshori nene chini ya kofia hiyo huifanya ikae juujuu, hivyo ikitokea ajali inaweza kuchomoka. Tumia kofia nyembamba ya kitambaa inayofunika masikio na kubana kichwa, kisha vaa kofia ya usalama na ufunge mkanda wake. Kofia nyembamba kama hizo zinamfaa abiria pia: humpa joto na kumwondolea hofu ya kuvaa kofia iliyovaliwa na watu wengi.

Kioo cha kofia kikijaa mvuke, usiendeshe kwa kubahatisha. Kifungue kidogo ili hewa ipite. Mbinu nyingine ni kupaka sabuni kidogo sana upande wa ndani, kisha kuifuta kwa kitambaa kikavu hadi kioo kiwe safi. Utando mwembamba unaobaki hupunguza mvuke.

*Shingo.* Shali ni nzuri, lakini ncha zake lazima ziingizwe ndani ya jaketi. Shali, leso au mkanda wa koti unaopeperuka unaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo, na matokeo yake huwa mabaya mno. Mhudumu, mkague abiria wako kabla ya kung'oa pikipiki.

Pikipiki nayo ijiandae

Kioo cha kuzuia upepo kinachofungwa mbele ya usukani hukinga kifua na mikono kwa kiasi kikubwa. Mwavuli mkubwa uliofungwa kwenye pikipiki ni jambo tofauti. Unazuia mvua ukienda polepole, lakini upepo mkali wa ubavuni ukiukamata, unaweza kuivuta pikipiki nje ya njia. Koti la mvua ni salama zaidi.

Kagua taa ya mbele, taa ya nyuma na mataa ya kugeukia, kwa kuwa ukungu hukufanya usionekane. Ndani ya ukungu tumia taa hafifu. Taa kali hurudishwa na ukungu na kukupofusha. Kagua tairi. Ukivuka dimbwi, shika breki kidogo kidogo mara kadhaa ukiwa mwendo wa pole ili zikauke kabla hujazihitaji. Na uache nafasi kubwa zaidi kati yako na gari la mbele kuliko unavyofanya wakati wa jua.

Abiria na watoto

Abiria mtu mzima hupata kinga kidogo kutoka mgongo wa mwendeshaji, lakini yeye hafanyi kazi yoyote ya kumpasha joto. Kwa safari ndefu, anaweza kupoa kuliko mwendeshaji bila kusema neno. Muulize njiani, "Uko sawa?" Akijibu kwa kugugumiza au asipojibu, simama.

Jambo linalohitaji kusemwa wazi ni desturi ya kumketisha mtoto mbele, juu ya tangi la mafuta. Wengine huona kwamba hapo mtoto yuko salama kwa sababu amezungukwa na mikono ya mwendeshaji. Ukweli ni kwamba mtoto huyo anakuwa ngao: upepo wote unaomwendea mwendeshaji unampiga yeye kwanza. Mwili wa mtoto ni mdogo na hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima. Ajali ikitokea, ndiye anayetangulia kurushwa. Tena sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki ya bodaboda. Watoto watatu wa shule kwenye pikipiki moja asubuhi ya baridi ni makosa, na mzazi anayewapandisha ana wajibu sawa na mhudumu anayewabeba.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga anayeenda kliniki, ni heri kutumia matatu au gari kila inapowezekana, na kungoja jua lipande kama safari si ya dharura. Ikibidi kutumia pikipiki, mfunike mtoto kichwa na mwili kwa nguo kavu, lakini pua na mdomo vibaki wazi apate kupumua. Usipime joto lake kwa kushika viganja, maana viganja vya mtoto huwa baridi mara nyingi. Shika kifua au shingo. Ikiwa kifua ni cha baridi, mtoto amepoa, na anahitaji kupashwa joto mara moja dhidi ya ngozi ya mama, mahali pasipo upepo.

Kabla na baada ya safari

Mwili hutengeneza joto kutokana na chakula. Anayeondoka saa 10 usiku bila kutia kitu tumboni ni kama anayewasha jiko bila makaa. Uji mzito, chai ya maziwa, viazi au githeri iliyobaki jana vyote vinafaa. Beba chai kwenye chupa ya kuhifadhi joto kama utakaa steji muda mrefu.

Pombe haileti joto. Hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana unahisi joto usoni, lakini damu hiyo inaenda kupoteza joto nje. Anayekunywa "kidogo ya kuondoa baridi" hupoa haraka zaidi, na wakati huo huo akili na mikono yake inachelewa. Sigara nayo hubana mishipa ya vidole, na hivyo huongeza ganzi.

Ukifika nyumbani, vua nguo zilizolowa kwanza, kisha ujipashe joto. Usiweke vidole vyenye ganzi karibu na moto au ndani ya maji yanayochoma. Kwa kuwa havina hisia, utaungua bila kujua. Tumia maji ya vuguvugu, au viweke kwapani.

Na hili tunaomba lisomwe mara mbili: *usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa.* Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mtu hupoteza fahamu. Familia nzima inaweza kufa usingizini. Jiko liwashiwe nje na litumike penye dirisha wazi. Kabla ya kulala, litolewe nje, hata kama makaa yanaonekana kuwa yamezimika.

Mtu akizidiwa na baridi

Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzijoto 37. Likishuka chini ya 35, mtu huyo yuko hatarini. Baridi yetu haihitaji kufika sufuri ili jambo hilo litokee. Mvua, upepo na safari ndefu vinatosha. Dalili za kuangalia ni hizi:

- Kutetemeka kusikoweza kuzuilika
- Kuongea kwa kugugumiza kama mlevi
- Kujikwaa, kuangusha vitu, kushindwa kufunga zipu
- Kuchanganyikiwa, au kusinzia mahali pasipo pa kulala
- Kutetemeka kukikoma huku mtu bado ni baridi na amelegea: hii ni dharura

Usimdhanie mtu kuwa mlevi kabla hujamgusa. Mtoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zilizolowa na umfunike kwa blanketi kavu, kuanzia kifuani, shingoni na kichwani. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe chai ya vuguvugu yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe, na usimwache peke yake. Ikiwa amechanganyikiwa, amesinzia au ameacha kutetemeka, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja. Asiendeshe mwenyewe, na asibebwe nyuma ya pikipiki nyingine akipigwa na upepo ikiwa gari linaweza kupatikana. Kwa dharura, piga simu 999 au 112.

Maswali ambayo wahudumu huuliza

*Je, baridi ya pikipiki huleta nimonia?*
Nimonia husababishwa na vijidudu, na baridi peke yake haivitengenezi. Hata hivyo, hewa baridi inaweza kusumbua njia ya pumzi, hasa kwa mwenye pumu. Msimu huu pia watu hukaa pamoja ndani ya vyumba vilivyofungwa, na hapo mafua huambukizana kwa urahisi. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa kitambaa anapoendesha na abebe dawa yake.

*Nina kikohozi kisichoisha. Si ni baridi tu?*
Usikubali kuishi na jibu hilo. Kikohozi kikizidi wiki mbili, au kikiwa na homa, jasho la usiku, kupungua uzani au damu, nenda ukapimwe kifua kikuu. Vipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa mtoto, kupumua kwa kasi au kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

*Vidole vyangu huwasha na kuvimba baada ya kupata joto. Ni kawaida?*
Kuwashwa kwa muda mfupi damu inaporudi ni kawaida. Lakini vidole vikibaki vyeupe au vya samawati, vikitoka malengelenge, au ganzi isipoondoka baada ya kupata joto, muone mhudumu wa afya.

Kabla ya kung'oa pikipiki kesho asubuhi

Bandika orodha hii steji, na mkumbushane:

1. Nimekula kitu cha moto.
2. Nguo ya nje inazuia upepo, na zipu imefika shingoni.
3. Glavu ni kavu na zinanipa nafasi ya kushika breki.
4. Reflekta iko juu ya koti, yangu na ya abiria.
5. Kofia ya usalama imefungwa, na ncha za shali zimeingizwa ndani.
6. Taa zinawaka, mbele na nyuma.
7. Abiria ni mmoja, na hakuna mtoto juu ya tangi.
8. Kidole gumba kinagusa kidole cha mwisho, mikono yote miwili.

Orodha hii haichukui dakika mbili. Vyama na Sacco za bodaboda vinaweza kusaidia zaidi kwa kununua glavu na koti za mvua kwa pamoja, na kuweka pale steji kibanda cha kukinga upepo ambapo mwenzao anaweza kupasha mikono kati ya safari moja na nyingine. Wakazi wenye maswali kuhusu afya wazungumze na wahamasishaji wa afya ya jamii vijijini mwao, au wafike katika zahanati iliyo karibu.

Maziwa lazima yafike, watoto lazima waende shule, na kabeji hazingojei jua. Hakuna anayekuomba uache kazi kwa sababu ya baridi. Tunachoomba ni kwamba vidole vinavyoshika breki vifike mwisho wa safari vikiwa bado na uhai.